Ziba Kwanza, Chomelea Baadaye: Kutengeneza na Kurekebisha Ala za Kupuliza kwa Wapigaji Wenye Mahitaji Tofauti

Mpigaji aliyepoteza vidole viwili kwenye ajali ya bodaboda akiingia karakana na tarumbeta yake, fundi mwenye damu moto huanza papo hapo kuwaza vyuma: stendi, ndoano, kitufe kirefu. Subiri kwanza. Tarumbeta unayoletewa mara nyingi imeshapita mikono mingi: imetoka kanisani ikaenda shuleni, ikarudi kwenye kikundi cha harusi, na njiani ikaanza kuvuja. Chombo kinachovuja kinadai pumzi nyingi na vidole vyenye nguvu kuliko alivyokusudia aliyekiunda. Mtu mwenye viungo vyote hufidia upungufu huo bila kujua. Mwenye mkono dhaifu, kifua kilichochoka au meno yaliyopungua hana cha kufidia, na lawama zote zinamwangukia yeye: hana pumzi, vidole vyake vizito, bora ahamie kwenye ngoma.

Kwa hiyo utaratibu wa mwongozo huu haubadiliki. Msikilize mtu, tafuta uvujaji, uzibe, safisha na lainisha. Kilichobaki kigumu baada ya hapo ndicho cha kukitafutia chuma.

Mtu kabla ya chombo

Mwongeleshe mpigaji mwenyewe, si ndugu aliyemsindikiza. Akiwa mzee, shikamoo kwanza, na omba ruhusa kabla ya kugusa mkono au bega lake. Kisha uliza maswali ya kazi. Anapiga wapi: ameketi kanisani, anatembea kwenye msafara, au amesimama nyuma ya pikapu la harusi? Anapiga kwa muda gani kabla ya kuchoka? Maumivu yanaanzia wapi: dole gumba, kifundo, bega, shingo? Nani atamsaidia kufunga na kufungua vifaa, au anataka afanye yote peke yake? Swali hili la mwisho hubadilisha kazi nzima. Klampu ya nati inayohitaji mikono miwili kukazwa haimfai mtu mwenye mkono mmoja anayeishi peke yake.

Mwambie apige wimbo anaoujua. Usiangalie chombo, angalia mabega. Bega likipanda, shingo ikinyooshwa kuufuata mdomo wa chombo, au kiwiko kikibanwa ubavuni, umeshaona tatizo lilipo. Mpige picha ya mbele na ya ubavu kwa simu (kwa idhini yake), maana utazihitaji wakati wa kupima kimo cha stendi.

Kama mkono umevimba, una ganzi, au kidonda cha upasuaji bado kibichi, kazi yako isimame hapo. Aende kwanza hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure, hapa Mwanza, arudi na maelezo ya daktari kuhusu uzito anaoruhusiwa kubeba. Vivyo hivyo kwa aliyepona kifua kikuu karibuni au mwenye ugonjwa wa moyo: kupuliza ni kazi ya mwili.

Vya kukusanya

Vifaa maalumu vya mafundi wa ala ni adimu kwetu, lakini mji huu una mbadala wa vingi. Mafundi bati wa Makoroboi watakukatia na kukukunjia bati la shaba. Nyakato, eneo la SIDO (shirika la viwanda vidogo), utapata wenye mashine za kukereza. Duka la vipuri vya baiskeli litakupa spoki, mpira wa ndani na nati ndogo. Mwaloni Kirumba, penye zana za uvuvi, ndipo pa kununulia nyuzi. Ongeza mafuta ya cherehani, mafuta ya mgando, karatasi ya sigara, vizibo vya chupa za mvinyo, msasa laini, bisibisi za saa, gundi ya epoksi ya kukanda, gundi ya moto ya vijiti, na tochi ndogo ya kupenya ndani ya bomba.

Kitu kimoja usikitafutie mbadala ni mafuta ya vali. Mafuta ya cherehani yanafaa kwenye ekseli za vitufe vya saksofoni na klarineti, lakini kwenye pistoni za tarumbeta (silinda zinazopanda na kushuka ndani ya vali ukibonyeza) ni mazito na huzigandisha. Agiza chupa ya mafuta yenyewe, inadumu.

Kutafuta uvujaji

Anza na tarumbeta. Toa mdomo wake (kipande cha kupulizia), hakikisha slaidi (vipande vya bomba vinavyovutika) zinateleza, kisha shika slaidi ndogo ya vali ya kwanza. Bila kubonyeza vali, ivute nje kidogo na uishikilie hapo. Hesabu hadi tano, halafu bonyeza vali. Ukisikia mlio mkavu wa hewa ikiingia kwa ghafla, vali hiyo inaziba vizuri. Ukimya maana yake hewa imeshapenya ikitafuta njia. Rudia kwa vali ya pili na ya tatu. Vali iliyochakaa kidogo husaidiwa na mafuta mazito zaidi ya vali, kwa kuwa utando wa mafuta hujaza nafasi kati ya pistoni na nyumba yake. Iliyochakaa sana inahitaji kupakwa madini upya kiwandani, na gharama yake mara nyingi inapita thamani ya tarumbeta ya mwanafunzi. Mwambie mwenye chombo ukweli huo mapema.

Mtuhumiwa wa pili ni tundu la kumwagia mate. Chomoa slaidi kubwa ya kusawazishia sauti, ziba ncha moja kwa kiganja, paka povu la sabuni kwenye kifuniko cha tundu, kisha puliza ncha ya pili. Povu litakuonyesha kila kitu, kama kwa fundi wa pancha. Dawa yake ni rahisi. Kata kipande cha kizibo cha mvinyo kwa wembe, kisugue kwenye msasa hadi kikae sawasawa ndani ya kikombe chake, kibandike, na kibane usiku mzima kwa mpira. Wapo wapigaji walioambiwa kifua chao kimeisha, kumbe tatizo lilikuwa kizibo cha ukubwa wa kidonge.

Kwenye saksofoni na klarineti uvujaji hukaa chini ya padi, yaani kifuniko laini kinachoziba tundu. Kwa saksofoni, ingia chumba chenye giza, teremsha tochi ndani ya bomba, kisha funga vitufe kimoja kimoja kwa nguvu ndogo, ile atakayotumia mpigaji mwenyewe. Usibonyeze kwa nguvu yako ya fundi. Mwanga unaopenya pembeni ya padi ndipo panapovuja. Kwa klarineti, kata ukanda mwembamba wa karatasi ya sigara, uweke chini ya padi, funga kitufe, na uvute taratibu. Jaribu pande nne. Upande ambao karatasi inachomoka bila upinzani ndio mbovu.

Kusafisha na kukwamua

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Maji ya moto hubambua vanishi. Pistoni zitoe kwanza, uzifute kando kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kwa sababu felti na koki zake (vipande vya kizibo) hazitakiwi kuloweka. Kila pistoni ina namba yake, 1, 2 au 3, na lazima irudi kwenye nyumba yake. Ukizichanganya chombo hakitoi pumzi kabisa. Majivu, mchanga na steli wuli visikaribie pistoni. Ndani ya bomba pitisha kamba yenye kitambaa kilicholowa sabuni, mara kadhaa, hadi maji yatoke safi. Chunguza pia bomba la kwanza linalopokea pumzi: madoa ya rangi ya waridi yenye kitobo cheusi katikati ni ishara kwamba zinki inaondoka kwenye shaba, na bomba hilo litatoboka.

Mdomo wa chombo ukikwama, usiuzungushe kwa koleo. Viunganisho vya bomba hung'oka, na umegeuza kazi ya dakika kumi kuwa kazi ya siku. Tia mafuta ya kupenya kwenye maungio, acha usiku, weka barafu kwenye mdomo pekee ili usinyae, kisha gongagonga mzunguko wa kipokeo kwa kipande cha mti mwepesi. Ikishindikana, mkerezaji wa Nyakato anaweza kukutengenezea kivutio cha vibao viwili na boliti mbili zinazosukuma vibao vitengane sambamba. Kifaa hicho kitakulipa maisha yako yote.

Slaidi ya tromboni ishughulikiwe kwa heshima. Nafasi kati ya bomba la ndani na la nje ni ndogo mno, na mbonyeo usioonekana kwa jicho unatosha kumfanya mwenye bega bovu ashindwe. Tenganisha, kisha ingiza bomba moja la ndani kwenye mwenzake wa nje peke yake na uache lishuke kwa uzito wake. Likikwama mahali, hapo pana mbonyeo au mkunjo. Kuunyoosha kunahitaji fimbo ya chuma iliyonyooka ya kipenyo kamili, na kama huna, tafuta mwenye nayo. Usibane slaidi kwenye jiliwa hata siku moja. Kuilainisha, paka krimu nyepesi kiasi kidogo kwenye ncha za bomba la ndani, kisha nyunyiza maji. Mafuta ya mgando ni ya slaidi za kusawazishia tu.

Padi, springi na nyuzi

Kubadili padi: ondoa kitufe kwenye chombo, pasha kikombe chake, toa padi ya zamani, safisha kwa spiriti. Padi mpya iwe na kipenyo na unene uleule. Tia gundi ya moto kwenye kikombe, weka padi, rudisha kitufe, pasha kikombe kidogo kwa kiberiti cha gesi, halafu kifunge kwa wepesi padi ijipange yenyewe juu ya tundu. Kwenye klarineti ya plastiki usipashe kitufe kikiwa mahali pake. Pasha kando, rudisha haraka. Ukiwa huna padi kabisa na ibada ni kesho, povu gumu la soli ya ndala lililokatwa kwa bomba lenye makali litaziba matundu madogo ya klarineti kwa wiki kadhaa. Ni dawa ya muda, iseme hivyo kwa mteja.

Klarineti za mbao, tukumbushane, ni mpingo, mti uleule unaovunwa Kilwa na Lindi na kusafirishwa hadi viwanda vya Ulaya. Kurudi nyumbani hakuufanyi usipasuke. Usiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, na ukaushwe ndani kila baada ya kupiga.

Springi ndizo zenye faida kubwa kuliko zote kwa mkono dhaifu, na ndizo zinazoharibiwa zaidi kwa nia njema. Kuna springi za aina mbili. Zile zinazoshikilia kitufe *wazi* hadi ukibonyeze zinaweza kulegezwa, na kidole kitapumua. Zile zinazoshikilia tundu *limefungwa* zinafanya kazi ya kuziba; ukizilegeza, pumzi inafungua tundu lenyewe na umerudi kwenye uvujaji. Kwa hiyo tembea kitufe kimoja kimoja, ujiulize springi hii inafanya nini, kabla ya kuikunja. Springi ya sindano iliyovunjika inaweza kuundwa kwa sindano ya kushonea ya unene unaolingana: ipashe hadi igeuke rangi ya buluu ili isikatike, kisha bapaza ncha yake nene kwa nyundo ili ikamate kwenye nguzo.

Springi za pistoni usizikate. Iliyokatwa huwa fupi, pistoni hairudi hadi juu, na matundu hayakutani. Kama vidole ni dhaifu, safisha vali hadi pistoni ishuke kwa uzito wake ikiwa haina springi, kisha tafuta springi laini za kipenyo kilekile kutoka tarumbeta nyingine.

Vali za kuzunguka, kama za honi ya Kifaransa na baadhi ya tromboni, huvutwa kwa uzi. Hapa ziwa linatusaidia. Uzi wa kuvulia uliosukwa kwa polista ndio unaotumiwa na wapigaji wengi duniani, kwa kuwa haunyumbuki. Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu hunyumbuka, na vali itachelewa. Piga picha ya jinsi uzi wa zamani ulivyopita kabla ya kuukata, la sivyo utakesha.

Sasa marekebisho

Chombo kikiwa kinaziba na kuteleza, mwite mpigaji arudi, apige tena. Mara nyingine kazi imeishia hapo. Ikiwa bado, fuata kanuni moja: kila badiliko la kwanza liwe la kuondoleka. Epoksi ya kukanda, mkanda wa kitambaa, mpira wa ndani wa baiskeli, kamba. Aende nalo mazoezini wiki mbili, arudi na malalamiko yake. Baada ya hapo ndipo lehemu.

*Uzito.* Tarumbeta ina kilo moja na ushee, saksofoni alto kama mbili na nusu, tuba inaweza kupita kumi. Klarineti haifiki kilo moja, lakini uzito wake wote unakaa juu ya dole gumba la kulia, ndiyo maana gumba huuma. Sogeza kipumzishio cha gumba juu au chini hadi kikae chini ya mfupa, si chini ya ncha ya kidole, kivike mpira wa ndani, na lehemu kipete cha kuning'inizia mkanda wa shingoni. Kwa saksofoni, badala ya mkanda wa shingo, shona mkanda wa mabegani unaopita mgongoni kama begi la shule. Fundi viatu yeyote anaweza.

*Mkono mmoja kwenye tarumbeta.* Vali tatu zinabonyezwa na mkono mmoja, wa pili unashika tu. Kwa hiyo mwenye mkono mmoja anahitaji kishikio, na kama mkono uliobaki ni wa kushoto, hakuna sheria inayomkataza kuutumia. Njia ya kuanzia ni stendi ya maiki ya kanisani yenye mkono wa kupinda:

1. Mketishe mpigaji kama atakavyokaa, mgongo umenyooka. Pima kutoka sakafuni hadi midomoni. Chombo kiufuate mdomo, shingo isikifuate chombo.
2. Ning'iniza tarumbeta kwenye utepe wa kitambaa hadi ikae mlalo bila kuinama. Hapo ndipo uzito wake unapolingana, na kishikio kibebe karibu na hapo.
3. Kunja kitanda cha bati pana chenye umbo la herufi U, kivike ngozi au mpira, kibebe bomba la kengele (ncha pana inayotoa sauti) na bomba la pumzi. Usibane nyumba za vali. Klampu iliyokazwa kidogo tu hukandamiza nyumba na pistoni zinakwama.
4. Fungia kitanda kwenye stendi kwa kiungo kinachopinda juu na chini, na tia tabaka la mpira katikati ili chombo kirudi nyuma kidogo kikisukumwa.
5. Weka mfuko wa mchanga kwenye miguu ya stendi.

Kuna jambo moja la sauti. Mpigaji wa kawaida husukuma slaidi ya vali ya tatu kwa mkono wa kushoto ili kushusha noti za vali 1+3 na 1+2+3, ambazo kwa asili ziko juu. Asiye na mkono wa pili aivute slaidi hiyo takribani sentimita moja na kuiacha hapo. Noti za 2+3 zitashuka kidogo, atazirekebisha kwa midomo.

*Vidole vilivyopungua.* Tarumbeta inahitaji vidole vitatu, haijali ni vipi. Aliyepoteza cha shahada atumie cha kati, cha pete na cha mwisho, na ndoano ya kidole kidogo iondolewe. Kidole kifupi kirefushiwe kitufe: kikereze cha plastiki au cha mti chenye uzi uleule wa skrubu, kipana juu. Kwa saksofoni na klarineti, jenga juu ya kitufe kwa epoksi ya kukanda hadi kidole kikifikie, na muda wa majaribio ukiisha lehemu mkono wa waya wa shaba au spoki. Lehemu ya fedha huyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 600, kwa hiyo kitufe kiwe kimetolewa, bila padi, koki wala springi. Lehemu laini ya bati inashika kwa joto dogo zaidi na inatosha kwa mizigo myepesi, lakini yenye risasi isitumike karibu na mdomo.

Asiye na vidole kabisa nampeleka kwenye tromboni bila kusita. Slaidi inasogezwa kwa kifundo kilichovishwa mkanda wa ngozi, chombo kikiwa juu ya stendi. Watu huifikiria tarumbeta kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana harusini, lakini tromboni haiulizi vidole.

*Mkono mfupi au bega lisilofika.* Nafasi ya sita na ya saba kwenye tromboni, slaidi inapovutwa mbali kabisa, huwashinda watoto na wenye bega bovu. Ukiweza kupata yenye vali ya F, inayorefusha bomba na kushikwa na gumba la kushoto, noti za F na C ambazo zingepigwa nafasi ya sita hupatikana nafasi ya kwanza, na zile za E na B za nafasi ya saba hupatikana karibu na ya pili. Bila vali hiyo, funga mpini mwepesi wenye bawaba kwenye kiunzi cha slaidi. Tromboni za zamani za besi zilikuwa na mpini wa namna hiyo kwa sababu hakuna mkono uliozifikia.

*Mkono wa kulia uliolala kwa kiharusi.* Honi ya Kifaransa hubonyezwa kwa mkono wa kushoto, basi iwekee kengele stendi. Mjerumani Felix Klieser, aliyezaliwa mwaka 1991 bila mikono, huipiga kwa vidole vya mguu wa kushoto, chombo kikiwa juu ya stendi. Kwa saksofoni hali ni ngumu zaidi. David Nabb, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Kearney, alipata kiharusi mwaka 2000, na fundi Jeff Stelling akamuundia saksofoni ya mkono mmoja kwa kubadili mfumo mzima wa vitufe. Kazi ya namna hiyo si ya kuanzia karakana ya kwetu. Uingereza kuna taasisi ya OHMI, iliyoanzishwa mwaka 2011, inayoshughulikia ala zinazoweza kupigwa kwa mkono mmoja.

*Mdomo, meno na pumzi.* Midomo ikipata upele, tazama mdomo wa chombo: tabaka la fedha likiisha, shaba inagusa ngozi. Wa plastiki ni nafuu na haudhuru. Meno ya mbele yakipungua, ukingo mpana wa mdomo hugawa shinikizo, na hakuna ubaya kusogea pembeni ya kinywa. Kwenye saksofoni bandika kipande cha mpira wa ndani juu ya mdomo ili meno yasitikiswe, na mpe ridi (kibao chembamba cha mwanzi kinachotetemeka) laini. Aliyepungukiwa pumzi asipewe tuba, inakunywa hewa nyingi. Tarumbeta inataka hewa kidogo yenye msukumo. Kila mpigaji awe na mdomo wake, uoshwe kwa sabuni, na ridi haziazimwi.

*Macho.* Kwa asiyeona, chora kwa tupa mstari mmoja, miwili, mitatu kwenye vifuniko vya vali na kwenye vichwa vya pistoni, azitoe na kuzirudisha mwenyewe. Chupa ya mafuta ivishwe mpira, ya spiriti isivishwe. Kwa wenye ualbino, mng'ao wa shaba karibu na jicho ni mateso kwenye jua la msafara. Vika bomba la pumzi ngozi nyeusi, ambayo pia huikinga shaba na jasho la mkono, na viongozi wa kikundi wampange upande wenye kivuli.

Filimbi ya bomba, kwa mkono uliopo

Mtoto mwenye mkono mmoja anaweza kuanza na rekoda ya plastiki: gumba na vidole vitatu vya mkono wa juu peke yake vinatoa G, A, B, C na D. Ning'iniza rekoda kwa kamba shingoni, iegemeze kwenye kipumzishio, na nyimbo kadhaa za watoto zinapatikana.

Kwa mkono wenye umbo lake la pekee, unda filimbi ya bomba la plastiki la maji la nusu inchi. Mwambie alishike bomba kwa namna isiyomuumiza, weka alama pale ncha za vidole zinapotua. Hapo ndipo matundu yatakapokaa, hata kama hayako kwenye mstari mmoja. Toboa madogo kwanza. Tundu likisogezwa kuelekea mdomoni sauti hupanda, likipunguzwa upana hushuka, kwa hiyo lililolazimika kukaa juu mno lifanye dogo. Anza na la chini kabisa, panua kwa tupa ya mviringo huku ukipima kwa programu ya simu, maana kupanua hupandisha na kurudi nyuma ni kwa gundi tu.

Juu ya gari, na baada ya hapo

Harusi hapa zina mtindo wake: matarumbeta yako nyuma ya pikapu, gari linateremka kutoka Bugando kwa mwendo wa sherehe, kisha bodaboda inakatiza. Breki moja, na chombo kilichofungwa imara kwenye bodi ya gari kinang'oa meno. Stendi ya mpigaji wa juu ya gari ifungwe kwenye kiti chake au mwilini mwake, isifungwe kwenye bodi, na kiungo chenye mpira si hiari. Kwa anayepigia kwenye kiti cha magurudumu, funga klampu ya bomba kwenye fremu, upande usiozuia mkono kusukuma gurudumu, na hakikisha inafunguka kwa mkono mmoja.

Mpe mpigaji karatasi yenye picha ya kazi uliyofanya, vipimo vya stendi, na aina ya springi na nyuzi, ili fundi mwingine asianze upya. Arudi baada ya mwezi kwa marekebisho madogo, na hayo usimtoze. Wa mjini na wa Sengerema anayevuka Daraja la Kigongo–Busisi hurudi kwa urahisi. Wa Ukerewe anategemea kivuko, kwa hiyo mfungie kwenye mkebe vipande viwili vya kizibo vilivyokwisha kukatwa kwa kipimo, springi moja ya akiba, uzi wa vali kama chombo chake kinautumia, na kichupa cha mafuta, umwonyeshe jinsi ya kubadili kizibo hicho mwenyewe kabla hajaondoka mezani pako.